Parokia iliyorudi kabla ya umeme: Wavietnamu wa New Orleans baada ya Katrina

Wadau, wengi wetu tukisikia jina Katrina tunakumbuka picha zilezile. Watu wako juu ya mapaa wanapunga mashuka, maji yamefika madirishani, maelfu wamesongamana ndani ya uwanja wa Superdome vyoo havifai na joto linaua. Na hiyo ni Marekani bwana, siyo nchi maskini. Ilikuwa Agosti 29, 2005. Lakini kuna habari nyingine ya mafuriko hayohayo ambayo haikupewa nafasi sana kwenye runinga, nayo inahusu parokia moja ya Kikatoliki pembezoni kabisa mwa mji wa New Orleans. Waumini wake wengi ni Wavietnamu, watu waliofika kule kama wakimbizi. Wengi wao si matajiri hata kidogo. Mtaa wao uko mbali na katikati ya mji, na baada ya mafuriko wakubwa walikuwa bado wanajadiliana kama sehemu zile zijengwe tena au ziachwe ziote majani.

Wao wakarudi. Tena wakarudi kabla ya umeme.

Waliwezaje? Hilo ndo nataka tuelewane leo, kwa sababu jibu ambalo watu hupenda kulitoa haraka haraka, kwamba "hawa Waasia wana bidii", halitoshi kabisa. Watu wenye bidii walikuwa wamejaa mji mzima na bado wengi hawakurudi.

Tuanze na maji yenyewe. New Orleans umekaa kama bakuli. Mto Mississippi unapita kusini, ziwa Pontchartrain liko kaskazini, na mashariki kuna vinamasi pamoja na ziwa Borgne ambalo limeungana na bahari. Karibu nusu ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Kinachoufanya uwe mkavu ni matuta marefu yaliyouzunguka, pamoja na pampu kubwa zinazovuta maji ya mvua na kuyamwaga nje. Sasa fikiria bakuli hilo, ukingo ukivunjika maji yanaingia lakini hayana pa kutokea. Pampu nazo zikizimika ndo basi tena.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Miaka ya 1960 ulikamilishwa mfereji mkubwa wa meli, unaitwa MRGO, kutoka Ghuba ya Mexico hadi karibu na mji ili meli zikate njia. Katrina ilipokaribia, upepo ulisukuma maji ya bahari kutoka upande wa ziwa Borgne na hiyo mifereji, yakapanda juu ya matuta ya mashariki na kuyabomoa. Wakati huohuo kuta za mifereji iliyoko ndani ya mji nazo zikaanguka. Kuta na matuta yalivunjika sehemu zaidi ya 50. Kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio waliohusika na matuta hayo, walikiri mwaka 2006 kwamba mfumo wao ulikuwa na kasoro. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mji ule ulizamishwa na kimbunga, mwambie aongeze neno: ulizamishwa na kimbunga pamoja na kazi mbovu ya binadamu. Karibu asilimia 80 ya mji ilikuwa majini. Kwa muda mrefu idadi ya waliokufa ilitajwa kuwa zaidi ya 1,800. Hesabu ilipopitiwa upya mwaka 2023 ikawa 1,392.

Mtaa tunaouzungumzia unaitwa Village de l'Est, uko mwisho kabisa wa New Orleans Mashariki, ukipita hapo ni vinamasi tu. Wenyeji wanauita Versailles. Usifikirie jumba la wafalme wa Ufaransa. Jina limetokana na nyumba za kupanga za bei nafuu zilizoitwa Versailles Arms, ambako familia za kwanza za wakimbizi ziliwekwa mwaka 1975.

Hawa watu ni nani? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia hii habari yote haieleweki. Wazee wengi wa mtaa ule walizaliwa kaskazini mwa Vietnam, kwenye majimbo ya Kikatoliki ya Bui Chu na Phat Diem. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, kaskazini ikawa chini ya wakomunisti, na mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Wakatoliki, wakahamia kusini. Siyo kwamba kila mmoja alikimbia kivyake. Mara nyingi kijiji kizima kilihama na padri wake, kikaanzisha parokia upya kule kilikofikia. Wengi wakawa wavuvi wa pwani, sehemu kama Vung Tau na Phuoc Tinh. Saigon ilipoanguka Aprili 30, 1975 wakakimbia tena, safari hii kwa meli na mashua. Askofu Mkuu wa New Orleans wakati ule, Philip Hannan, aliwakaribisha, na shirika la misaada la Kikatoliki la jimbo lake likawatafutia makazi. Hali ya hewa ya Louisiana ni joto na unyevu kama ya kwao, kuna samaki na kamba, na Wakatoliki ni wengi. Wakaitana. Ndugu akamwita ndugu, jirani wa zamani akamfuata jirani. Miaka ya 1980 wakapata parokia yao rasmi, Maria Malkia wa Vietnam.

Kwa hiyo mwaka 2005 maji yalipoingia, bibi wa miaka 75 pale Versailles alikuwa anapoteza nyumba kwa mara ya tatu maishani. Mara mbili za kwanza alishajua namna ya kuanza upya. Na mara zote mbili alianza na parokia.

Sasa tuingie kwenye chenyewe. Ndani ya parokia ile waumini wamegawanywa kwa kanda kufuata wanakoishi, kila kanda ina viongozi wake waliochaguliwa, na viongozi hao wanakaa kwenye halmashauri ya parokia. Msomaji Mkatoliki wa huku kwetu hapo atacheka, maana hiyo si ngeni, ni kama jumuiya ndogo ndogo na mwenyekiti wa jumuiya anayejua nani anaumwa, nani kafiwa na nani hajatoa mchango. Kazi ya mwenyekiti siku za kawaida inaonekana ya kuchosha tu, karatasi na vikao. Lakini watu wakitawanyika ghafla kwenye majimbo mengi ya nchi kubwa kama Marekani, mtu anayejua majina ya nyumba zote za mtaa wake ana mali kuliko mwenye gari.

Paroko alikuwa Padri Vien The Nguyen. Kimbunga kilipopiga alikuwa hapohapo parokiani pamoja na waumini walioshindwa kuondoka, wakajihifadhi kwenye majengo ya parokia mpaka walipotolewa. Baada ya hapo akaanza kuzunguka kuwatafuta wengine. Simu zenye namba za New Orleans zilikuwa hazishiki. Lakini watu wake walijulikana wako wapi kwa makundi: wengi Houston, Texas, ambako kuna Wavietnamu wengi na redio ya Kivietnamu iliyokuwa inatangaza nani anatafutwa na msaada uko wapi, wengine Arkansas na kwingineko kwenye kambi za serikali. Akawa anakwenda kambi kwa kambi anasalimia, anasali nao, anaandika majina, anabeba habari za kundi hili na kuzipeleka kwa lile. Ukitafakari utaona kwamba kabla hawajarudisha nyumba hata moja, walikuwa wamesharudisha orodha.

Mapema Oktoba 2005 wa kwanza wakaingia mtaani. Umeme hamna. Maji ya bomba hayafai. Maduka yamefungwa. Misa ya kwanza kanisani ilikusanya watu kama 300, na kabla mwezi haujaisha waliohudhuria Jumapili moja walipita 2,000. Wengine walikuwa wanasafiri kutoka Houston, mwendo wa zaidi ya saa tano kwa gari, wanasali, wanasafisha nyumba, wanarudi.

Hiyo kazi ya kusafisha nayo siyo ya kupiga deki. Nyumba za kule kuta zake za ndani si tofali, ni fremu za mbao zilizofunikwa na vibao laini vya jasi. Jasi ikikaa majini inavimba, halafu kwa joto la Louisiana ukungu mweusi unapanda mpaka darini. Dawa yake ni moja tu, kung'oa. Unang'oa kuta zote mpaka zibaki nguzo, unatoa zulia, magodoro, makabati, unaacha mbao zikauke, ndipo unaanza kujenga upya kutoka ndani. Na friji ndo usiguse kabisa. Nyama na samaki wamekaa humo wiki kadhaa bila umeme. Watu mji mzima walikuwa wanayafunga mafriji kwa utepe na kuyatoa barabarani hivyohivyo bila kufungua. Pale Versailles kazi hii waliifanya kwa vikundi, wenye ujuzi wa paa wanapita kwenye mapaa, wengine wanapika, wazee wanalala pamoja sehemu iliyo kavu.

Halafu ikaja habari ya umeme, na mimi naona hii ndo sehemu ya kujifunza kuliko zote. Kampuni ya umeme, Entergy, ilikuwa na hali mbaya baada ya mafuriko na haikuwa tayari kuwasha mtaa ambao haujulikani kama una wateja. Hesabu ya kibiashara: onyesha watu, tutakuwashia. Watu nao wanasema: washa, turudi. Mitaa mingi ya New Orleans ilikwama kwenye mzunguko huohuo miezi na miezi. Padri Vien akapeleka picha za kanisa lililojaa, pamoja na orodha ya familia 500 zilizojiandikisha kuwa ziko tayari kulipia umeme. Mapema Novemba 2005 taa zikawaka, wakati mitaa mingi jirani ilikuwa bado giza.

Orodha ya majina 500, ndani ya wiki chache, kutoka kwa watu waliotawanyika majimbo mbalimbali. Jaribu kuipata hiyo kwenye mtaa wako leo, na wala hakuna mafuriko.

Walifanya hivyohivyo kwa nyumba za muda. Wazee wengi hawakuweza kukaa kwenye nyumba zilizong'olewa kuta, kwa hiyo parokia ikatafuta eneo karibu na kanisa na kuisukuma FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, ilete trela karibu 200 pale. Ilichukua miezi ya kusukumana. Ila faida yake ni kwamba bibi aliyekaa kwenye trela aliendelea kutembea kwa miguu kwenda Misa ya asubuhi na kuona bustani yake.

Sasa tuwe wakweli kidogo, maana sipendi habari za kusifia mno. Sehemu ya mtaa ule iko juu kidogo na maji hayakufika kina cha kutisha kama kule Lower Ninth Ward, ambako nyumba zilisombwa zikabaki ngazi tu za zege. Familia nyingi za Versailles zilikuwa zinamiliki nyumba zao, na mwenye nyumba ana sababu na haki ya kurudi ambayo mpangaji hana. Na Village de l'Est haikuwa ya Wavietnamu peke yao. Kabla ya Katrina zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Wamarekani weusi, na hao walirudi polepole zaidi. Siyo kwamba hawakupenda kwao. Wapangaji walikuta nyumba zimefungwa au kodi imepanda. Makanisa yao mengi yalikuwa na waumini wanaokuja kutoka kila kona ya mji, kwa hiyo mchungaji hakuwa na mtaa mmoja wa kuuorodhesha. Lakini taa zilipowaka kwa nguvu ya ile orodha, ziliwaka kwa wote waliokuwepo.

Kwa hesabu za watafiti waliofuatilia, kufikia mwaka 2007 zaidi ya asilimia 90 ya Wavietnamu wa mtaa ule walikuwa wamerudi. Mji wenyewe ulikuwa na watu karibu 485,000 kwenye sensa ya mwaka 2000, na katikati ya 2006 walikadiriwa kuwa kama 230,000 tu.

Wakati watu wanapiga misumari, kule makao makuu ya mji walikuwa wanachora ramani. Januari 2006 tume iliyoundwa na Meya Ray Nagin ilitoa mpango wake, na kwenye ramani iliyochapishwa gazetini kulikuwa na maduara ya kijani yanayoonyesha sehemu zinazoweza kugeuzwa maeneo ya wazi. Mitaa iliyofurika ikaambiwa ithibitishe kwamba watu wanarudi, la sivyo isijengwe. New Orleans Mashariki ilikuwa kwenye mashaka makubwa. Ebu ona mambo hayo, umelipia nyumba miaka 20, halafu unaamka unaambiwa uthibitishe kwamba upo! Watu wa Versailles wakawa wanakwenda kwenye mikutano kwa wingi, wazee wanatafsiriwa na vijana, na hoja yao ilikuwa fupi: tumesharudi, njooni mtuone. Mpango wa maduara ulipingwa mji mzima na haukutekelezwa.

Ila pigo lingine lilikuwa njiani. Februari 2006 Meya akatumia mamlaka yake ya dharura kuruhusu dampo kubwa la vifusi vya Katrina barabara ya Chef Menteur, chini ya maili mbili kutoka mtaani. Kwa sheria za kule, dampo la vifusi vya ujenzi halihitaji kutandikwa plastiki nzito chini kama dampo la taka za nyumbani, kwa sababu tofali na mbao hazina sumu kali. Sawa. Lakini baada ya kimbunga serikali ililegeza maana ya "vifusi vya ujenzi". Nyumba iliyofurika ikibomolewa, yaliyomo ndani yanakwenda nayo: rangi, dawa za wadudu, vifaa vya umeme, mazulia yenye ukungu. Na dampo lile lilikuwa jirani na hifadhi ya wanyama ya Bayou Sauvage na mifereji inayofika mtaani. Mabibi wa Versailles wanalima bustani kando ya maji hayo, mboga za kwao, mchaichai, maboga, na Jumamosi alfajiri wanaziuza kwenye soko lao dogo. Wanamwagilia kwa maji ya mfereji. Kwa hiyo ukiniuliza, hapo suala halikuwa harufu ya dampo, ilikuwa ni sahani ya chakula.

Kilichofuata kiliwashangaza hata wao wenyewe. Wavietnamu wa Versailles walikuwa wanajulikana kama watu wakimya wasioingia siasa. Mzee aliyekimbia serikali mara mbili hapendi kelele na serikali. Safari hii wazee wakashika mabango mbele ya ofisi za mji na kwenye geti la dampo, vijana waliozaliwa Marekani wakawa wasemaji, na majirani weusi na watu wa mazingira wakaungana nao. Kwa mara ya kwanza wazee waliokuwa wanalalamika kwamba watoto hawajui hata Kivietnamu vizuri wakawa wanawahitaji watoto haohao kwa Kiingereza chao. Mwaka huohuo vijana wakaanzisha chama chao, VAYLA, na parokia ikaanzisha shirika lake la maendeleo ya mtaa. Agosti 2006 muda wa ruhusa ya Meya uliisha, hakuiongeza, na dampo likafungwa. Miaka miwili baadaye, Desemba 2008, Joseph Cao, mwanasheria aliyewahi kuwa mseminari wa Kijesuiti na ambaye naye nyumba yake ilifurika, akachaguliwa kuwa Mvietnamu wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Alikaa muhula mmoja tu, akashindwa 2010.

Mwaka huohuo wa 2010 mafuta ya BP yalimwagika Ghuba ya Mexico, na wavuvi wa kamba wa parokia ile, waliokuwa wamejenga upya mashua zao, wakazuiwa kuvua. Hiyo ni habari ndefu inayojitegemea.

Kuhusu dampo, watu wengi wakisimulia huishia pale lilipofungwa na wakapiga makofi. Kumbe kufungwa maana yake magari yaliacha kuingia. Vifusi vilivyokuwa vimeshamwagwa kwa miezi ile havikuzolewa, viliachwa palepale ardhini. Kwa anayetaka kuwaona wahusika wenyewe wakiongea, kuna filamu inaitwa A Village Called Versailles ya mwaka 2009, imetengenezwa na S. Leo Chiang. Sura za wale wazee pale getini utazielewa hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha.